Goti la Mwenzetu wa Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwisho wa mwezi)



Tulipotakiwa na Bwana Katibu tuseme maneno machache mbele yenu jioni hii, tulidhani ya kuwa atatupa habari ya kazi za ofisini, mathalan utunzaji wa mafaili, au mambo ya kiinua mgongo, ambayo tuliyashughulikia kwa muda wa miaka 31. Walakini yeye alisema, "La, mzee wetu, tuambie habari za goti." Alikuwa amemwona mwenzetu wa nyumbani akitoka sokoni Ngamiani kwa miguu, kikapu mkononi, naye mwaka juzi alimwona mtu huyo huyo akishikwa mikono miwili ili apande ngazi moja tu ya baraza. Basi habari yetu ni ya goti, tena goti la mke. Na kwa kuwa ni desturi ya gazeti letu kusema "sisi" mahali pa "mimi", tunawaomba msicheke tutakapomtaja: chama ni chetu sote, lakini yeye ni wa mtu mmoja.

Sisi si waganga. Tutakayoyasema ni ya namna mbili: mambo tuliyofundishwa na daktari pamoja na bibi mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na mambo tuliyoyaona kwa macho yetu ndani ya nyumba. Hatuna budi kuanza na kosa letu wenyewe, maana bila ya kosa lile tusingalijifunza hata neno moja katika haya.

Mwenzetu alipotimiza miaka 58, goti lake la kuume lilianza kukaza asubuhi alipoondoka kitandani. Lilikaza dakika chache tu, kisha likalegea naye akaendelea na kazi zake. Baada ya miezi kadha wa kadha likawa linauma jioni, na halafu likawa linauma kila akichuchumaa. Yeye alisema ni baridi ya sakafu. Sisi tukafanya kama afanyavyo kila mtu mjini: tulikwenda katika duka la dawa, tukasema "goti linauma," tukapewa vidonge. Muuzaji hakuuliza umri wa mgonjwa, wala kama anatumia dawa nyingine, wala kama ala kwanza kabla ya kumeza. Nasi hatukuuliza kitu. Maumivu yalipungua siku ile ile, tukamsifu sana muuzaji. Vilipokwisha tulinunua vingine. Tukaendelea hivyo kwa miezi 7.

Vidonge vile vilikuwa vya jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, dawa zipunguzazo maumivu na uvimbe. Ni dawa za kweli, na madaktari huziandika kila siku. Lakini dawa hizo huudhoofisha ule utando ulindao tumbo, na mtu azitumiapo kwa muda mrefu, hasa akiwa mtu mzima wa miaka 60 au zaidi, aweza kupata vidonda vya tumbo vinavyotoka damu, na figo zake zaweza kuharibika, na shinikizo la damu laweza kupanda. Hayo tuliyajua baadaye. Alfajiri moja tulimkuta mwenzetu ameanguka mlangoni pa choo, na choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Tulimpeleka hospitali, akalazwa siku 6, akatiwa chupa 2 za damu, moja katika hizo ikitoka kwa mwanawe. Daktari alipouliza ametumia dawa gani, tulitia mkono mfukoni tukatoa karatasi ya vidonge. Tulikuwa nayo sisi, maana ndisi tuliokuwa tukinunua.

Mabwana, tumewahi kukosea hesabu za ofisi tukaitwa mbele ya wakubwa, lakini hatujapata kuona haya kama tulivyoona siku ile mbele ya kitanda kile.

Daktari alimkataza vidonge vile kabisa. Ndipo mwenzetu aliposema kwa sauti ndogo, "Basi, Bwana Daktari, goti hili nitaishi nalo vipi?" Swali hilo ndilo lililotufunza haya mengine.

Kwanza yafaa tujue tunasema juu ya ugonjwa gani. Sisi watu wa pwani tumezoea kuita kila maumivu ya viungo "baridi yabisi", kana kwamba ni kitu kimoja, na kana kwamba baridi ndiyo mama yake. Daktari aliyatenga mambo matatu. Liko jongo, ambalo humjia mtu ghafula, mara nyingi katika kidole gumba cha mguu, kikawa chekundu na moto, hata shuka haivumiliki juu yake. Uko ugonjwa wa pili ambao nguvu za mwili za kujikinga hugeuka zikapigana na viungo vyenyewe. Huo hushika viungo vingi, hasa vya mikono yote miwili, na asubuhi mtu hukaza kwa saa nzima au zaidi. Mwenye mojawapo ya hayo asiridhike na hotuba ya karani. Ana dawa zake, na akichelewa viungo huharibika. La tatu ndilo la mwenzetu, na ndilo la wengi wetu tulio na mvi. Shirika la Afya Duniani limekadiria ya kuwa katika mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa huu wa tatu, na milioni 365 katika hao ulikuwa umewashika gotini. Sehemu 60 katika kila 100 ya wagonjwa ni wanawake.

Daktari alituchorea goti kwa penseli nyuma ya bahasha. Mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi, na mbele yake kuna kilegesambwa. Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe chenye utelezi. Katika ugonjwa huu gegedu hupungua na kukwaruzika, mifupa hujaribu kujitengeneza ikaota vinundu pembeni, na ngozi ya ndani ya kiungo huweza kuvimba. Si kuchakaa tu kama tairi la baisikeli. Neno lililotushangaza ni hili: gegedu haina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kwa kukamuliwa na kuachiliwa, kama sifongo ndani ya beseni, yaani kwa mwendo. Na sisi tulikuwa tumemketisha mwenzetu miezi mingi, tukimwambia, "Pumzisha goti, usiinuke," tukidhani ni huruma. Goti likanyimwa chakula, na misuli ya paja ikanyauka. Na misuli hiyo ndiyo ichukuayo sehemu kubwa ya uzito usiliangukie goti.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa pana maneno mengi.

Kadiri goti linavyokunjwa zaidi huku limebeba uzito, ndivyo kilegesambwa kinavyogandamizwa zaidi. Tuliporudi kutoka hospitali tulikaa jikoni siku moja tangu asubuhi hata adhuhuri, na kalamu mkononi, tukihesabu ni mara ngapi mwenzetu anakunja goti mpaka mwisho. Tulipata mara 43. Miaka yote tulikuwa tukila chakula kile pasipo kujua hesabu yake. Alikunja goti kwenye mbuzi ya kukunia nazi, ambayo kiti chake hakizidi shubiri moja na nusu kutoka chini. Alikunja mbele ya jiko la mkaa, na kwenye beseni la kufulia, na kwenye kinu, na chooni, na kila alipookota kijiko kilichoanguka. Tukamwita seremala. Tulimtaka aifunge mbuzi juu ya benchi refu ili mtu akune nazi ameketi kama aketivyo mezani. Seremala alicheka sana akasema hajapata kuona mbuzi akipanda juu ya meza. Lakini aliifanya, na tangu siku ile amefanya nyingine tatu kwa majirani. Jiko tuliliinua juu ya matofali likafika kiunoni. Beseni la kufulia likawekwa juu ya kibao. Ufagio wa chelewa ukafungwa kwenye mpini mrefu. Kitanda kikainuliwa kwa magogo manne, hata mtu akikaa ukingoni magoti yake hayapandi juu ya nyonga. Maana kuinuka kutoka kiti kifupi ni kazi kubwa kwa goti kuliko kutembea.

Choo kilikuwa taabu zaidi, maana chetu ni cha kuchuchumaa. Tulitengeneza kiti cha mbao chenye tundu, kinachowekwa juu na kuondolewa, na chuma cha kushikilia kikapigiliwa ukutani upande wa kushoto. Kazi yote ile ya kiti na chuma haikufika gharama ya vidonge vya miezi 3. Tunawasihi sana mlioko hapa: kabla hamjanunua kitu chochote kingine kwa ajili ya goti la mama au la mke, nunueni chuma cha chooni.

Kuhusu sala, mwenzetu alihuzunika kuliko alivyohuzunikia jambo lolote, kwa kuwa alikuwa hawezi kusujudu pasipo machozi, naye alificha. Shehe wetu alimkumbusha ya kuwa mwenye udhuru huswali ameketi, na ni jambo lililoruhusiwa tangu zamani. Kiti chake kimekaa pale pale juu ya mswala.

Lakini nyumba ni rahisi kuliko watu. Mwezi ule palitokea msiba mtaani, akaenda matangani. Walimpa jamvi kama wengine. Akaona haya kuomba kiti, maana mtu akikaa kitini penye wanawake waketio chini huonekana ana majivuno. Alikaa saa 3 amekunja miguu. Alipotaka kuinuka hakuweza, wakamwinua watu wawili, na wiki nzima hakutoka nje. Tulikasirika bure, kisha tukaona hasira haifai. Tulikwenda kwa bibi mmoja mzee wa mtaa, tukamweleza. Yeye akasema, "Kumbe! Nami magoti yangu yananiua, nasema nitakuwa wa kwanza kuaibika?" Msiba uliofuata bibi yule aliagiza viti vinne vipangwe ukutani, akakaa cha kwanza yeye mwenyewe, akamwita mwenzetu akae cha pili. Viti viwili vilivyobaki havikumaliza nusu saa bila ya watu.

Sasa mazoezi. Yule bibi mtaalamu alianza na mazoezi mawili tu. La kwanza: mgonjwa hukaa kitandani miguu imenyooka, kanga iliyokunjwa kama mto mdogo ikiwekwa chini ya goti, huligandamiza goti chini juu ya kanga ile kwa nguvu ya paja, akahesabu pole pole mpaka 5, kisha akalegeza. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni, na mguu mzima nao usiachwe. La pili: hukaa kwenye kiti imara, akanyosha mguu mmoja mbele mpaka uwe sawa, akauzuia juu kwa hesabu ya 5, akaushusha taratibu. Baada ya wiki mbili akaongeza la tatu, la kuinuka kitini na kukaa tena bila ya kuvuta mikono, mara 5 tu kwanza, na mto juu ya kiti ili kisiwe kifupi. Kwa mwendo, alimpa dakika 8 kila siku katika njia iliyo sawa, na viatu vya soli laini visivyo na kisigino kirefu.

Tukauliza: je, likiuma wakati wa mazoezi? Alijibu ya kuwa maumivu machache si dalili ya kuharibika. Kipimo ni kesho yake: ikiwa asubuhi maumivu yamerudi kama yalivyokuwa kabla, endelea, ikiwa yamezidi, au goti limevimba, punguza hesabu siku hiyo wala usiache kabisa. Akatuonya pia tusitazamie kitu kabla ya wiki 6, na mara nyingine 12.

Sisi karani bila ya daftari ni kama mvuvi bila ya chombo. Tulipiga mistari katika daftari: tarehe, mazoezi, dakika za kutembea, na maumivu kwa alama tangu 0 mpaka 10, kila asubuhi mgonjwa akijitaja mwenyewe. Wiki ya kwanza 7. Wiki ya pili 7. Wiki ya tatu 6, kisha 7 tena. Asubuhi moja tulipoketi na kalamu yetu tukamwambia, "Mama, bado mara nne," alitutazama akasema, "Baba watoto, goti hili ni langu. Wewe unaandika, mimi naumia." Akaingia ndani akafunga mlango.

Tulikaa barazani muda mrefu. Maneno yale yalikuwa kweli tupu. Kwanza tulimnunulia vidonge akanyamaza, sasa tumemletea daftari, na mara zote mbili sisi tulikuwa juu yeye chini. Kesho yake hatukuchukua kalamu. Tulikaa kiti cha pili mbele yake tukanyosha mguu, na goti letu likalia kama mlango wa bohari. Alicheka mpaka akajifuta macho. Tangu siku ile tunafanya wote wawili, na yeye ndiye ahesabuye, tena hutuibia: akifika 8 hurudi 6. Daftari alilichukua yeye, akaandika kwa mkono wake. Wiki ya 9 aliandika 4.

Juu ya uzito tutasema kwa hadhari, kwa sababu mwenyewe yuko pale nyuma, na kilo zake ametukataza kuzitaja. Wataalamu wa Marekani katika mwaka 2005 walipima watu wazima wazito wenye ugonjwa huu, wakaona ya kuwa kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua. Mwenzetu amepunguza kilo 6 kwa miezi 10. Hilo ameturuhusu kulisema. Fanyeni hesabu, kisha zidisheni kwa hatua za kwenda sokoni na kurudi. Hakufunga wala hakunywa majani ya mtu. Sukari ya chai ilitoka vijiko 3 ikawa nusu kijiko. Maandazi ya asubuhi yakawa ya Ijumaa. Wali wa nazi ukapungua sahanini, na mchicha, kunde na samaki vikaongezeka. Shangazi zake walikuja kuuliza kama mume amefilisika. Na neno moja kwa waume: chakula kikibadilishwa, kibadilishwe kwenye sahani zote. Mume alaye chapati tano mbele ya mke aliyekatazwa hamsaidii. Yeye ni mtihani mwingine.

Bakora. Wengi tunaishika vibaya, nasi tulimnunulia mwenzetu tukamwambia aishike upande wa goti bovu. Sivyo. Goti likiwa la kuume, bakora hushikwa mkono wa kushoto, na hutangulia pamoja na mguu mgonjwa, ndipo uzito ugawanyike. Kipimo chake: mtu asimame wima na viatu vyake, mikono imeshuka, kichwa cha bakora kiwe sawa na mkunjo wa kifundo cha mkono, na kiwiko kikunjike kidogo tu anaposhika. Chini itiwe mpira usioteleza. Katika ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu mgonjwa pamoja na bakora hutangulia kushuka. Mwanzoni aliona bakora ni uzee. Mjukuu wake aliipaka rangi ya samawati, neno likaisha.

Kukanda kunafaa, ilimradi tujue kinachofaa. Goti lililokaza bila ya kuvimba hupenda joto: kanga iliyotiwa maji ya moto ikakamuliwa, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, dakika 15 mpaka 20. Goti lililovimba baada ya kazi hupenda baridi, yaani barafu ndani ya kitambaa, isiguse ngozi, kwa muda ule ule. Jioni tunamkanda kwa mafuta ya nazi juu ya goti na pajani, taratibu. Mafuta hayaingii mpaka kwenye gegedu, wala hayajengi kitu. Daktari alitueleza hivyo nasi hatutawadanganya. Lakini misuli hulegea, na mtu hulala. Tena ni saa ambayo tunazungumza, na kwa miaka mingi ya kazi hatukuwa na saa hiyo. Usiku mto huwekwa baina ya magoti akilala ubavu. Usiachwe chini ya goti usiku kucha, maana goti likizoea kukunjika hukataa kunyoka.

Yako mambo mengi yauzwayo kwa jina la goti. Tuliletewa vidonge vya glukosamini kwa bei ya kutisha. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2006, watu 1,583 walijaribiwa, na kwa jumla glukosamini na kondroitini hazikushinda kidonge kisicho na dawa. Kabla yake, mwaka 2002, madaktari wa Houston waliwatazama wagonjwa 180: wengine walisafishwa goti kwa vyombo vya kuingizwa ndani, wengine walikatwa ngozi tu pasipo kufanyiwa kitu, matokeo yakawa sawasawa. Na shauri la wakuu wa tiba wa Uingereza la mwaka 2022 laweka mazoezi mbele kwa kila mwenye ugonjwa huu, pamoja na kupunguza uzito kwa aliye mnene. Juu ya chale za wembe na dawa ya kusugulia ndani yake, hatutasema zaidi ya kwamba wembe wa watu wengi huleta maradhi makubwa kuliko goti.

Msije mkatuelewa vibaya mkasema yule mzee amekataza dawa. Iko siku maumivu huzidi, na daktari ndiye ajuaye ni dawa gani, kiasi gani, na kwa siku ngapi. Na zipo za kupaka ambazo haziliumizi tumbo kama za kumeza. Wala mtu asiache dawa zake za shinikizo la damu au za sukari kwa ajili ya maneno yetu. Tena goti likiwa jekundu na moto pamoja na homa, au lisipoweza kubeba uzito baada ya kuanguka, au likikwama lisinyoke, au maumivu yakiwa ya usiku na mtu anakonda pasipo sababu, au mguu ukivimba nyuma ya muundi, hapo si saa ya kanga ya moto. Ni hospitali, siku ile ile.

Goti la mwenzetu halikupona. Gegedu iliyokwisha haikurudi, na siku nyingine hulalamika tangu alfajiri. Daktari amesema huenda baadaye akahitaji kubadilishiwa goti kwa upasuaji, naye hakushtuka; alisema misuli itakuwa tayari. Katika daftari lake alama huwa 3, mara 2, na wiki aliyokwenda arusini akacheza aliandika 5, na kando yake akaandika, "Sijuti." Mwendo wake sasa ni dakika 25. Hajatia kidonge cha maumivu kinywani kwa muda wa miezi 14.

Bwana Katibu ameomba tuonyeshe namna ya kupima bakora. Ile ya samawati ipo mezani, pamoja na futi ya seremala. Atakayependa kujipima, au aliyekuja na kimo cha mwenzake, na asogee baada ya chai. Ila asikawie, maana tumeazimwa mpaka saa mbili tu. Mwenyewe ataitaka kwa kurudi nayo nyumbani kwa miguu.